Kipande Kilicholala Mwisho wa Diski

Kompyuta ilipofunguliwa kifuniko, ilinukia udi.

Gachanja alikuwa amefungua mashine kuukuu nyingi maishani mwake na alizijua harufu zake: vumbi, mkojo wa panya, waya ulioungua, na mara moja hata chapati. Udi hakuwahi kukutana nao. Aliinama tena juu ya meza ya ofisi ndogo ya stoo ya viazi, hapo Molo, akanusa vizuri, kisha akamwambia mkewe kwamba wenye mashine hii walikuwa watu wa kujipenda.

"Bora ifanye kazi," Wachuka akasema. "Hata ikinuka omena, sijali. Mimi nataka tu mizani ya kule Kuresoi iongee na hii ya hapa."

Stoo ilikuwa ya Wachuka. Alinunua viazi kwa wakulima, akaviweka gizani akisubiri bei nzuri, maana kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, na mnunuzi hakitaki hata kwa bure. Kwa hiyo jengo lile halikuwa na dirisha hata moja. Mlango ukifungwa saa sita mchana, mle ndani ulikuwa huoni mkono wako mwenyewe. Mumewe alikuwa fundi wa kompyuta mjini Nakuru, na wazo la seva lilikuwa lake: mashine moja ikae Molo, ipokee uzito wa kila gunia moja kwa moja kutoka vituo vya kununulia, na watu waache kubishana kwa simu.

Mashine hiyo tayari ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha. Mmoja ilikuja nao, mwingine aliuweka Gachanja kwa sababu ya programu ya hesabu ambayo Wachuka aliizoea na hakutaka kusikia habari ya nyingine. Seva ingekuwa wa tatu. Mifumo mitatu ndani ya mwili mmoja, na kila mashine ikiwashwa, menyu ingetokea kwenye kioo na kuuliza nani aamke.

Aliinunua kwa Nasrudin, mwenye duka la vifaa vilivyotumika, karibu na soko la Nakuru. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Walipokuwa wakiifunga kwa kamba kwenye buti ya gari, Nasrudin alimshika Gachanja mkono.

"Boss, huko mwisho wa diski kuna kipande kidogo. Hicho kina mwenyewe. Kiache tu vile kiko."

"Mwenyewe nani? Ni data ya mzee?"

Nasrudin alitazama barabarani. "Wewe kiache tu."

Sasa ilikuwa imefika pale programu ya kusakinisha inapouliza seva ikae wapi, na Gachanja akakiona kile kipande. Hakikuwa na jina. Alichungulia ndani, hakuna faili, hakuna hata takataka ya faili. Kitupu kabisa. Lakini huyu alikuwa mtoto wa shamba. Amelelewa na baba ambaye hakuweza kupita kando ya ardhi iliyolala bila kuuliza ni ya nani na kwa nini hailimwi, na ambaye hata kando ya choo alipanda maboga. Kuacha nafasi nzuri ikae bure kwa heshima ya marehemu asiyemjua kulimkera. Akakifuta kile kipande na kukiunganisha na sehemu ya seva. Programu ikamwonya kwamba akikubali, mabadiliko hayatarudishwa nyuma. Programu hizi huonya kila kitu, na yeye alikwisha acha kuzisikiliza. Akakubali.

Jambo la mwisho lilikuwa menyu. Molo umeme hupotea kila mara, na hapangekuwa na mtu wa kukaa akingoja kubonyeza. Akaiagiza mashine hivi: ikiwaka, ingoje kidogo, na kama hakuna mtu aliyechagua, seva iamke yenyewe.

"Wacha niiwashe!" akapaza sauti kuelekea stoo, ambako Wachuka na Omolo, kiongozi wa wapakiaji, walikuwa wakipanga magunia na mlango wamefunga.

Menyu ilitokea. Mistari mitatu. Kisha, chini yake, ukajitokeza wa nne, usio na maandishi yoyote, na kabla hajausogelea ukachaguliwa wenyewe. Kioo kikawa cheusi. Taa ya ofisi ikazimika. Harufu ya udi ikajaa chumbani nzito kiasi kwamba akakohoa, halafu harufu hiyo ikapita kando ya sikio lake na kwenda zake, naye aliisikia ikipita, kama mtu anavyosikia kanga ya mwanamke anayepita kwa haraka.

Stoo ilikuwa kimya. Kisha Omolo akapiga ukelele.

Gachanja aliwasha tochi ya simu na kukimbia. Alipovuta mlango, kitu kizito kiligonga ukuta wa ndani, kikapasuka, na viazi vikamwagika sakafuni vikibingirika hadi kwenye viatu vyake. Omolo alikuwa akitambaa kuja mlangoni. Ndoano ya chuma, ile wanayokokotea magunia, ilikuwa imezama begani mwake hadi kwenye mpini, na mkono wake wa pili ulikuwa umegeuzwa nyuma kwenye kiwiko, mahali ambapo mkono haugeuki. Mtu mwenye kubeba gunia huku akitania watu alikuwa analia kama mtoto.

"Boss, usiingie," akanong'ona. "Huyo si mama. Nakuapia, huyo si mama."

Tochi ilipanda juu ya rundo. Wachuka alikuwa amesimama huko juu, miguu mitupu, na gunia la viazi likining'inia kwenye mkono wake mmoja kama mfuko wa sukari. Uso ulikuwa wake. Alitabasamu kwa adabu.

"Hujambo, bwana," akasema. "U mzima? Na wa nyumbani hawajambo?"

Hapo ndipo nywele za Gachanja ziliposimama. Wachuka alizaliwa na kukulia Molo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha haraka, nusu yake Kikuyu, na hajawahi kumwambia mtu yeyote u mzima.

"Mama Cate," akaita kwa sauti ndogo. "Shuka tafadhali."

"Chumba changu ki wapi, bwana?"

Gunia lilimpata kifuani. Alisikia mbavu zikilia, akaanguka chali kwenye viazi, na kabla hajapata pumzi yule mwanamke alikuwa amesharuka kutoka kule juu na kutua kando yake bila kishindo. Alimshika nywele, akakigongesha kichwa chake sakafuni, taratibu, tena na tena, na kila mara akiuliza lile lile kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Damu ilimwingia Gachanja machoni. Kisha umeme ukarudi, taa za ofisi zikawaka, na Wachuka akalegea akaanguka juu yake, amelala fofofo.

Alipoamka alikuwa Wachuka. Alimwona Omolo, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ngai! Nani amemfanya hivi?"

Hospitalini walisema rundo la magunia liliporomoka. Omolo alikubali maneno hayo mbele ya daktari, na alipofungwa plasta akaomba apelekwe kwao moja kwa moja. Hakurudi hata kuchukua koti lake.

Baada ya hapo, nyumbani kwao Kiamunyi, pembeni mwa Nakuru, kuamka kukawa bahati nasibu. Mke wake alilala akiwa Wachuka, hilo lilikuwa hakika. Ila kuna ule muda mfupi kati ya usingizi na kufumbua macho, kope zikichezacheza, pumzi ikibadilika, na Gachanja akauogopa muda huo kuliko kitu chochote duniani, kwa sababu mle ndani palikuwa na wawili na hakujua ni yupi anayekuja juu. Asubuhi nyingine alifumbua macho na kulalamika baridi. Asubuhi nyingine alifumbua macho na kumuuliza kama hajambo, na hapo vyombo vilivunjika, na milango, na kidole cha Gachanja kimoja.

Mchungaji wao alikuja na wazee wawili wa kanisa. Yule mgeni aliyekuwa ndani ya Wachuka aliwakaribisha vizuri sana, akawaketisha, kisha akammwagia mchungaji sufuria ya chai iliyokuwa ikichemka.

Siku iliyomvunja Gachanja ni Jumapili moja alipokuwa akimwandaa binti yao Cate kwa kanisa. Wachuka alikuwa amejilaza kidogo kwenye kochi, amechoka, masikini, maana mwili wake ulikuwa na michubuko asiyoijua ilikotoka. Gachanja alikuwa amepiga magoti akifunga kamba za viatu vya mtoto, na akanusa udi, na hakugeuka upesi vya kutosha, na mikono ikamzunguka shingo kutoka nyuma, mikono ile ile aliyoivisha pete, na ikaanza kukaza, na sauti laini ikamwambia sikioni kwamba mtu muungwana hambomolei mwenzake nyumba bila hata kubisha hodi, na akasikia kitu ndani ya koo kikivunjika kama njiti ya kiberiti, na mbele yake, karibu sana, ulikuwa uso wa Cate ukitazama huku kiatu kimoja hakijafungwa. Mtoto ndiye aliyemwokoa. Aliangua kilio, "Mami!" na mikono ikasita kwa udadisi, na Gachanja akapata nafasi ya kumbeba Cate na kujifungia naye bafuni. Walikaa humo mpaka yule mwingine alipochoka kupiga mlango na kulala.

Daktari alimwambia kitu kooni kimevunjika na hakitaunga sawasawa. Sauti itabaki ya kukwaruza. Kukiwa na baridi huenda isitoke kabisa.

Kesho yake alienda dukani kwa Nasrudin, akamshika ukosi.

"Ni nini uliniuzia?"

Nasrudin alitazama bandeji, na shingo iliyopiga weusi. Hakujitetea. "Ulikifuta?"

"Kilikuwa kitupu."

"Kilikuwa na mtu, boss. Nilikwambia." Machozi yalimlengalenga. "Mimi mwenyewe sikuamini sana. Ningeamini, ningeuza? Wacha nikupeleke kwa shangazi."

Shangazi huyo, Bi Kuluthum, alishona sare za shule, na hakusimama kwenye cherehani mpaka alipomaliza mkono wa sweta. Alikuwa mnene, magoti mabaya, ulimi mkali. Alimsikiliza Gachanja huku akikata nyuzi kwa meno.

"Huyo alikuja na bibi yetu kutoka pwani," akasema. "Kila nyumba tuliyokaa hapa Nakuru, kulikuwa na chumba kimoja hakiwekwi kitu. Hata watoto tukilala wanne kitanda kimoja, kile kilikuwa chake. Alhamisi unamfukizia, unamsalimia, unafunga mlango. Hakutusumbua hata siku moja. Nyumba ilipouzwa tukahamia fleti, vyumba viwili, mtamweka wapi? Kakangu alikuwa mtu wa kompyuta. Akamtengea chumba humo. Akasoma, akamwingiza, akafunga. Sasa wewe ukaona chumba kitupu ukaingiza jembe."

"Nitakirudisha," Gachanja akakwaruza. "Nitakitengeneza vile kilikuwa."

"Twende tujaribu, baba. Lakini mtu aliyebomolewa hurudi na hasira."

Walienda Molo mchana, Nasrudin pamoja nao, ukungu umeshuka hadi kwenye paa la stoo. Wachuka alienda mwenyewe, kwa hiari, mikono amefungwa kwa mikanda ya turubai ya lori, kwa sababu aliomba afungwe. Alikuwa ameambiwa yote. Njiani alimwambia Gachanja kwamba ikishindikana, Cate apelekwe kwa dada yake.

Kwenye giza la stoo Bi Kuluthum aliweka chetezo, akatia ubani juu ya makaa, akanyunyiza marashi, akaanza kusoma. Gachanja aliketi sakafuni na kompyuta mbele yake na akaipunguza sehemu ya seva, akakata mwishoni kipande kilekile, ukubwa uleule, hakukipa jina. Wachuka alilala hapo chini kwenye magunia. Walipoona kope zake zinacheza, Bi Kuluthum akapandisha sauti.

Mikanda ya lori ilikatika.

Chetezo kiliruka na makaa yakamwangukia Nasrudin usoni. Mizani kubwa ya chuma ilinyanyuka, ikaruka kwenye ukungu wa moshi na kumpitia Bi Kuluthum kichwani nusu shubiri, na yeye hakuacha kusoma, alikaa tu chini kwa magoti yake mabaya na kuendelea, huku magunia yakipasuka moja baada ya jingine kila upande na viazi vikiruka kama mawe ya ghasia, vikipiga migongo yao, vikipiga bati, vikipiga meno ya Gachanja, na katikati ya kishindo hicho chote yule mwanamke akitembea pole pole kumwendea mumewe, ndoano ya Omolo mkononi.

"Chumba chako hiki hapa!" Gachanja alilia kwa sauti yake iliyovunjika. "Nimekirudisha. Ona."

Yule mwanamke alitazama kioo. Akacheka kidogo, kwa heshima.

"Kweli ndicho. Ahsante, bwana." Kisha akagusa uso wa Wachuka kwa vidole vya Wachuka, kwenye mashavu, kando ya macho. "Lakini nilikaa gizani miaka yote hiyo. Hii nyumba mpya ina madirisha."

Hapo ndipo Gachanja alipoelewa kwamba hakuna cha kurudisha.

Bi Kuluthum hakuomba tena. Alianza kupatana, kama mtu anayenunua kitambaa, kwa Kiswahili cha bibi yake, na mazungumzo yale yalikuwa marefu na ya kunong'ona. Mwishowe ndoano ilianguka chini.

"Hatoki," alimwambia Gachanja walipokuwa nje, wakimwosha Nasrudin majeraha ya moto. "Mkimtoa kwa nguvu anatoka na roho ya mwenye nyumba. Amekubali kukaa kimya, kama kwetu. Ila ana sharti, na anasema sharti ni lako mwenyewe, uliloiagiza mashine kabla haijawaka. Kila mkeo anapoamka, lazima aitwe. Kwa jina lake, kabla hajafumbua macho. Akiitwa, anaamka yeye. Asipoitwa na mtu, yule anaamka mwenyewe."

Gachanja alikaa kwenye tope. Aliikumbuka menyu, na mkono wake ukiandika amri ile.

"Jina lake lile alilobatizwa?"

"Lile analoitwa na mama yake. Si Mama fulani. Mama fulani ni wengi." Bi Kuluthum alimgeukia Wachuka, ambaye sasa alikuwa macho, mwenyewe, akitetemeka ndani ya blanketi. "Na mfundisheni mtoto pia. Huyu mzee wako hatakuwepo kila siku."

"Cate aniite Wachuka?" Hata katika hali ile, aliudhika. "Mtoto wangu aniite kwa jina kama rika langu? Hapana. Hiyo siwezi. Baba yake ataniita."

"Mfundisheni," Bi Kuluthum akarudia.

Hawakumfundisha. Walisema watafanya hivyo akikua kidogo. Cate alikuwa ameshachapwa mara moja, akiwa mdogo zaidi, kwa kumwita mama yake jina hilo mbele ya wageni, akiiga nyanya yake, na hakulirudia tena.

Na ilifanya kazi. Miezi ikapita. Gachanja alijifunza kuamka kabla ya jogoo wa jirani, akajiinua kwenye kiwiko na kumtazama mkewe kwa penzi ambalo hakuwahi kuwa nalo hata walipooana, na pumzi ilipobadilika alisema, "Wachuka." Kope zilitulia, zikafunguka, na mkewe akalalamika baridi. Hakuna wimbo duniani aliopenda kuliko lalamiko hilo. Stoo ikafunguliwa tena. Seva ikapokea mizani ya Kuresoi bila kukosea. Kile kipande cha mwisho kilikaa kitupu, na hakuna aliyekigusa.

Julai ikaja na baridi yake. Asubuhi moja dirisha la Kiamunyi lilikuwa jeupe kwa ukungu, na Gachanja aliamka akihisi koo limefungwa kama limetiwa pamba. Hakushtuka. Alijiinua kwenye kiwiko. Pumzi ya mkewe ilibadilika.

Alifungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Alijaribu tena. Hewa tupu. Alipiga kifua chake, akajikaba koo mwenyewe kwa vidole akijaribu kuisukuma sauti nje, midomo ikiliunda lile jina bila kulitoa, huku kope zikichezacheza. Aliruka kitandani, akafungua mlango, na Cate alikuwa hapo kwenye korido na sare ya shule, akitafuta soksi. Alimvuta hadi mlangoni. Akamwonyesha mama yake, akamwonyesha midomo yake, polepole, akilia: Wa. Chu. Ka.

Mtoto alielewa. Gachanja aliona ameelewa. Alitazama kitandani, akamtazama baba yake aliyeonekana kumtuma kufanya utovu wa adabu, na akaona haya. Akafanya lililo sahihi, kama alivyolelewa.

"Mami," akaita. "Mami, amka."

Harufu ya udi ikafika mlangoni. Macho yakafumbuka, yakamkuta Cate, yakakaa hapo kwa muda yakimkagua kutoka kichwani hadi miguuni, mtu anavyokagua nyumba anayofikiria kuhamia.

"Hujambo, mwanangu," sauti ikasema kwa upole. "Ingia. Baba na abaki nje."